Bi Mkubwa wa Chumba cha Mashine

Katika miaka ishirini na sita ya kazi, Fundi Baridi hakuwahi kumaliza likizo hata moja, na jambo hilo alijivunia mbele ya watu kama wengine wanavyojivunia watoto waliofaulu mitihani.

Kazi yake ilikuwa kwenye ghala la baridi: vyumba vinne virefu vyenye milango minene kama magodoro, na ndani nyama, samaki na mboga za mji mzima. Baridi yote hiyo ilitoka kwenye chumba kimoja cha nyuma, chumba cha mashine, ambako ukiingia unapewa vizibo vya masikio na unaambiwa usiguse kitu. Humo ilikaa kompresa moja ya skrubu, ndefu kupita gari dogo, iliyopakwa rangi ya kijani ambayo Fundi aliirudia kila mwaka kwa brashi yake mwenyewe. Kazi ya kompresa ni kubana gesi. Ndani ya tumbo lake la chuma mna skrubu mbili nene, mafundi huziita dume na jike. Huzunguka pamoja, meno ya huyu yakiingia kwenye mifereji ya yule, na gesi inayopita katikati yao inabanwa mpaka inasalimu amri. Ila zenyewe hazigusani. Zikigusana, mashine ndiyo basi tena. Katikati yao hupita utando wa mafuta, mwembamba ajabu, na huo ndio unaolinda amani.

“Ndoa yenyewe ndiyo hiyo,” Fundi alipenda kuwaambia wafanyakazi wapya, akipiga ubavu wa mashine kwa kiganja. “Dume na jike, mwendo mmoja, na mafuta katikati.”

Maneno hayo yalipomfikia mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa tepu shingoni na pini mdomoni, alimsubiri mumewe avue viatu kwanza.

“Na hapa nyumbani hayo mafuta yaliisha lini?” akamuuliza. “Maana mimi nasikia vyuma tu vinakwaruzana.”

Wafanyakazi waliiita ile kompresa Bi Mkubwa. Hawakuwa na nia mbaya. Ilikuwa kubwa, ilikuwa na sauti nzito, na ikinuna kila mtu alipata tabu. Lakini mke wa Fundi jina hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Yeye alikuwa ameolewa mwaka mzima kabla ya kompresa kuletwa. Alikuwapo, tena amejifungua majuzi na mtoto yuko mgongoni, siku iliposhushwa kutoka kwenye lori kwa minyororo.

“Mimi nimetangulia,” alisema. “Sasa ikiwa yule ndiye Bi Mkubwa, mimi niliyetangulia naitwa nani?”

Basi toka siku ile mama huyo hakulitamka jina hilo hata mara moja. Alisema tu “yule”, na kila mtu alijua yule ni yupi.

Na yule alikuwa na visa. Kila Fundi Baridi alipokwenda likizo, siku ya tatu Bi Mkubwa alizima. Si siku ya pili, si ya nne. Siku ya tatu pikapu ya kazini ilisimama mlangoni, dereva akapiga honi mpaka majirani wakafungua madirisha, kisha akatoa kichwa nje na kupaza sauti: “Fundi! Amegoma!” Fundi alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyechoka kubebeshwa dunia, akavaa buti zake, akaondoka bila kumtazama mkewe usoni. Akifika aliwafukuza wote kwenye chumba cha mashine.

“Tokeni. Huyu hapendi kukodolewa macho.”

Alijifungia humo dakika arobaini. Kisha mngurumo ukaanza, baridi ikarudi, na Fundi akatoka akijifuta mikono kwa kitambaa, na meneja akamshika mkono kwa mikono yake miwili. “Mashine hii ina mume mmoja tu,” meneja alisema kila mara, na Fundi akaangalia chini kwa unyenyekevu ambao haukumdanganya mtu aliyekuwa na macho.

Sasa nikwambie kilichokuwa nyuma ya mlango ule, lakini kikae hapa hapa.

Mafuta ya kompresa hupita kwenye filta, chujio la ukubwa wa chupa ya chai. Likijaa uchafu, presha ya mafuta inashuka, na mashine kwa usalama wake inajizima yenyewe. Fundi Baridi aliujua umri wa filta kwa siku na saa. Wiki za kawaida aliibadilisha mapema. Kabla ya likizo, hakuibadilisha. Basi. Hakuiba kitu, hakuvunja kitu, aliacha tu uchafu ufanye kazi yake ya kawaida, na kwa kuwa filta mpya alizihifadhi kwenye kabati lake nyuma ya ovaroli chakavu, hakukuwa na mwingine wa kuitibu. Kubadilisha kulimchukua dakika kumi. Dakika thelathini zilizobaki alizikalia juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai, anasoma gazeti la juzi.

Utasema huyu ni mlaghai, na kweli ulaghai ulikuwamo. Lakini mimi namwonea huruma. Aliingia pale akiwa mfagiaji, ufundi akauokota kwa macho, cheti hakuwahi kuwa nacho. Maisha yake yote aliogopa kwamba ipo siku watatazamana na kugundua kuwa ghala linakwenda bila yeye. Mtu mwenye hofu hiyo ukimwambia nenda kapumzike, yeye husikia nenda moja kwa moja. Filta chafu ilikuwa njia yake ya kuuliza kama bado anahitajika, na kila siku ya tatu pikapu ilimjibu.

Aliyelipa gharama ni mkewe. Likizo ngapi zilikatizwa! Safari moja ilikatizwa nguo zikiwa bado mbichi kambani, akazianua akazikunja hivyo hivyo na maji yake. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyezaliwa mwaka ule ule wa kompresa. Wakati huo walikaa kwenye nyumba ya kampuni, ukuta mmoja na chumba cha mashine, na binti huyo alilala kwa ule mngurumo tu. Umeme ukikatika na mashine ikanyamaza, mtoto alishtuka na kulia mpaka iwashwe tena. “Mume kaninyang'anya,” mama yake alikuwa akisema, “na mtoto ananilelea.” Binti alikua, akaolewa na mwalimu, akahamia mji wa mbali, mwendo wa saa tisa kwa basi. Miaka minne baba yake hajafika kwake. Kila safari ilipangwa kwa siku ya nne ya likizo, na kila likizo ilikuwa na siku ya tatu.

Kisha binti akajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza.

Jioni ya habari hizo mke wa Fundi alikaa kwenye kiti mkabala na mumewe. Pini alikuwa amezitoa mdomoni zote, akazichomeka kwenye kifuko chake moja moja, na hilo lilimtisha Fundi kabla hata ya maneno.

“Baba,” alisema, “tunakwenda siku kumi na nne. Zote. Siku ya tatu yule akikuita na wewe ukavaa buti zako, nenda salama. Sina ugomvi na wewe. Lakini mimi nitabaki kwa mwanangu, na cherehani yangu mtanitumia. Huku sirudi.”

“Mama Watoto,” Fundi alisema. Alimwita hivyo ingawa mtoto alikuwa mmoja. “Safari hii haitatokea.”

“Wewe unajuaje?”

“Nina matumaini,” akasema.

Matumaini gani tena! Kesho yake asubuhi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliibadilisha filta kabla ya likizo. Akaongeza mafuta, akakaza mikanda ya feni, akagusa beringi moja baada ya nyingine kwa kiganja kama mama anayepima homa. Alimkabidhi kazi msaidizi wake mbele ya meneja. Msaidizi huyo alikuwa mwanamke wa makamo aliyetokea kiwanda cha barafu miaka minne nyuma, wakimwita Bi Vipimo, kwa sababu kila saa aliandika presha na joto daftarini mpaka nukta, na mtu akimwambia “kama ishirini hivi” alimuuliza “kama, au ishirini?”

“Huyu ni mpole ukimjua,” Fundi alimwambia.

“Namjua, Fundi. Miaka minne namwandika.”

Makabidhiano yalihitimishwa kwa ufunguo. Bi Mkubwa akizima ghafla, kwa hitilafu au kwa umeme, hawashwi tena mpaka mtu azungushe ufunguo kwenye paneli yake ya swichi. Zilikuja funguo mbili toka kiwandani. Wa pili, kwa maelezo ya Fundi mwenyewe, ulidumbukia mtaroni miaka tisa iliyopita. Kwa hiyo uliobaki ulikuwa na heshima zake. Fundi aliuweka kwenye kiganja cha Bi Vipimo, meneja akapiga makofi, wakatia saini kitabuni.

Halafu Fundi akaomba ufunguo mara moja tu, azungushe aone kama haukwami. Akazungusha. Haukukwama. Na mkono wa mtu aliyefanya jambo moja miaka ishirini na sita hauombi ruhusa kwa kichwa. Ukaufuta ufunguo kwa kitambaa, ukautia mfukoni, ukaaga watu.

Aliugundua wakiwa wameshasafiri saa nne ndani ya basi. Alikuwa anatafuta leso.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Fundi Baridi aliushika msemo huo kwa vidole viwili ndani ya mfuko wa suruali na kuhisi meno yake. Jasho likamtoka. Filta ilikuwa safi, ndiyo, lakini umeme wa mji ule ulikuwa na desturi ya kupepesa macho. Upepese mara moja tu, Bi Mkubwa azime, na hakuna wa kumwamsha. Tena kilichomuuma si hicho peke yake. Miaka yote alikuwa na hatia na watu wakamwamini. Leo hana hatia, na duniani hapakuwa na kiumbe ambaye angemwamini, hasa yule aliyekaa naye kiti kimoja akimenya chungwa.

“Mbona unatoka jasho?” mkewe akamuuliza.

“Joto.”

“Dirisha lipo wazi, Baba.”

“Ni joto la ndani.”

Ungesema apige simu aseme ukweli. Ni rahisi kwako. Yeye alikuwa na sababu zake za kutoizungumzia habari ya ufunguo, na sababu hizo zitakuja zenyewe. Alichofanya ni kupanga kuurudisha kimya kimya. Asubuhi ya siku ya pili aliaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu, nia yake ikiwa kufika kituo cha basi ampe dereva bahasha. Mkwe wake, mwalimu mwenye adabu zilizopitiliza, hakukubali mkwewe atembee peke yake mji wa ugenini.

“Nitakusindikiza, baba.”

“Usijisumbue, mwanangu.”

“Si usumbufu, baba. Ni wajibu.”

Wakatembea saa mbili. Kila Fundi alipokaribia kituo, mwalimu alimshika kiwiko kwa heshima na kumwonyesha jengo lingine la serikali. Walirudi nyumbani na ufunguo ule ule, na Fundi akiwa na malengelenge.

Huko nyumbani hali ilikuwa ngumu kwa upande mwingine. Mjukuu hakulala. Alinyonya vizuri, alipata choo vizuri, muuguzi wa zahanati alimpima akasema mzima wa afya, lakini alilia. Alilia akibebwa, akilazwa, akiimbiwa. Bibi yake alimwimbia nyimbo zote alizozijua, akazirudia, mwisho akawa anaimba vipimo vya nguo. Binti alikuwa amechoka mpaka alisinzia akiwa amesimama na kitana kichwani.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, walikuwa wote barazani. Zamu ya kumbeba mtoto ilikuwa ya Fundi, na mtoto alikuwa akimlilia kifuani kwa nguvu zote. Simu ikaita mezani.

Kila mtu aliangalia simu, isipokuwa mtoto. Mke wa Fundi aliichukua, akaisogeza mbali na macho asome vizuri.

“Ni kazini,” akasema. Akaibonyeza, akaiweka kwenye sauti kubwa, akairudisha mezani. “Ongea nao.” Kisha akaingia ndani.

“Shikamoo, Fundi,” ilisema sauti ya Bi Vipimo.

“Marahaba. Habari za huko?”

“Umeme ulikatika ukarudi. Bi Mkubwa kazima. Nimekagua kila kitu, hana ugonjwa wowote. Hata filta nimeitazama, safi kabisa. Nimeshangaa.” Ikasikika karatasi ya daftari ikifunuliwa. “Ila paneli inataka ufunguo, na ufunguo siuoni. Nakumbuka ulinipa. Sikumbuki kama ulinirudishia.”

“Joto likoje?”

“Chumba cha kwanza kimepanda nyuzi mbili nukta tatu. Tumefunga milango yote. Mpaka alfajiri tunaweza kuvumilia, zaidi ya hapo hapana. Meneja yuko hapa, anasema wanavunja paneli au pikapu inakuja kukuchukua. Anataka kujua ipi.”

Pikapu inakuja. Maneno yale yale aliyoyaishi miaka yote, na Fundi hakuona aibu kwamba moyo ulimruka kwa furaha. Ulimruka mara moja tu, maana hapo hapo mkewe alitoka ndani na buti zake. Aliziweka chini mbele ya miguu yake, visigino pamoja.

“Nimekulegezea kamba,” akasema, “usipate tabu na mtoto mkononi.”

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli, Fundi angepata pa kushika. Alisema kwa upole wa mtu anayemfungia mgeni mzigo wake, na Fundi Baridi akaelewa kwamba mwanamke huyu anaachana naye, hapa hapa, mbele ya mkwe, kwa kamba za viatu. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa katika maisha yake.

Akampitisha mtoto mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia mfukoni, akautoa ufunguo na kuuweka mezani kando ya simu.

“Mama Watoto,” alisema, “nakuapia. Safari hii sikukusudia.”

Mkewe aliutazama ufunguo. Kisha akamtazama yeye.

“Safari hii?” akauliza.

Mwalimu akaangalia dari. Kwenye simu Bi Vipimo akakohoa kidogo. Mtoto peke yake aliendelea na kazi yake.

“Safari hii, Fundi?”

Akikasirika alimwita Fundi. Mficha uchi hazai, na huyu alikuwa ameuficha miaka ishirini na sita. Akainamia simu, na kwa kuwa mtoto alikuwa akilia ilibidi aungame kwa kupiga kelele, mpaka jirani aliyekuwa anafua upande wa pili akaacha kufua.

“Bi Vipimo! Nenda kwenye kabati langu!”

“Lina kufuli, Fundi.”

“Halifungi. Nalitundika tu. Livute!”

Vikasikika viatu, mlango, kufuli likianguka.

“Nyuma ya ovaroli pana buti kuukuu. Ya kushoto. Ingiza mkono.”

Kisha sauti nyingine ikaja kwenye simu, nzito na ya taratibu, sauti ya meneja.

“Fundi. Huu ni ufunguo.”

“Ndiyo, bosi.”

“Ufunguo wa pili.”

“Ndiyo, bosi.”

“Ule uliodumbukia mtaroni. Tulisimama dakika moja kwenye kikao, Fundi. Wewe ulivua kofia.”

“Niliivua, bosi. Nilisimama na nyinyi.”

“Na hizi filta? Zipo tano hapa. Mimi kila mwezi naandikiwa kwamba filta hazipo.”

Hapo Fundi alifumba macho akayasema yote: siku ya tatu, uchafu, dakika kumi za kazi na thelathini za chai. Alisema mpaka ndoo. Alipofumbua macho mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti mkabala naye, mikono mapajani, anamsikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza vazi ambalo haliwezekani.

“Likizo yako inaisha lini?” meneja akauliza.

“Siku kumi na moja zimebaki. Lakini naweza kuja leo, bosi. Naweza kupanda basi la saa sita.”

“Zimalize. Tutaonana zikiisha, na tutaongea mimi na wewe, mlango umefungwa. Usije kabla. Bi Vipimo, washa mashine.”

Usije kabla. Ndivyo alivyolisikia neno alilolikimbia maisha yake yote, na lilimuuma. Akainama juu ya simu, mjukuu kifuani, akaanza kueleza haraka haraka, afanye walau hilo.

“Tanguliza pampu ya mafuta. Ngoja presha ipande, usiwe na haraka, kisha...”

“Najua, Fundi,” Bi Vipimo akasema taratibu. “Hata habari ya filta niliijua. Miaka minne naandika presha ya mafuta kila saa. Inashuka ukiwa unakaribia likizo tu. Nilisema mwenyewe ana sababu zake.”

Kwenye simu pampu ikaanza, sauti nyembamba. Ikatulia. Kisha mota ikavuta, chuma kikaguna, na skrubu mbili zikashika mwendo. Mngurumo ukapanda, ukapanda, halafu gesi ilipoingia ukashuka na kukaa pale pale, mzito, mmoja, bila kukatika. Meza ilitetemeka kidogo chini ya simu.

Mtoto alinyamaza.

Wa kwanza kugundua alikuwa mwalimu, akainua kidole bila kusema. Kichanga kilikuwa kimefumbua macho, kinasikiliza. Kikapiga mwayo mkubwa kuliko uso wake. Kikashusha mkono mmoja, kikashusha wa pili, kikalala kifuani kwa babu yake, mdomo wazi. Mlangoni binti alikuwa ameegemea fremu, na yeye macho ameshayafumba, anatabasamu usingizini kama alivyokuwa akitabasamu kwenye nyumba ile ya kampuni, ukuta mmoja na mashine.

Kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu nyumba ilikuwa kimya, ukiacha ule mngurumo. Mke wa Fundi aliwatazama wote wawili, mwanawe na mjukuu wake, muda mrefu.

“Presha ishirini na nne nukta sita, iko sawa,” sauti ya Bi Vipimo ikasema. “Haya, Fundi, nakata simu. Pumzika sasa.”

Mke wa Fundi aliruka kutoka kwenye kiti, akaishika meza kwa mikono miwili na kuinamia simu.

“Usikate, dada!” alinong'ona. “Tafadhali, iweke simu hapo hapo karibu naye. Mwache Bi Mkubwa amlaze mtoto.”

Kisha akaziokota buti za mumewe, akafunga kamba zake vifundo viwili viwili, akaenda kuziweka juu kabisa ya kabati la nguo.